Amri Iliyosubiri Tembo

Nimehama miji mingi kuliko jozi za viatu nilizomaliza, na kila mji nimeombwa cheti. Lamu niliombwa cheti cha kupiga ngoma arusini, Tanga cheti cha kuuza samaki wa kukaanga, Unguja cheti cha kulala nyumbani kwa rafiki yangu. Sijagombana na yeyote aliyeniomba. Mimi mwenyewe niliwahi kuwa mpeleka amri ya vyeti, na najua kuwa mtu huyo kwa kawaida ana njaa na miguu inamuuma.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, karani katika boma la Malindi. Nilikuwa nimesoma Mombasa miaka mingi kuliko vijana wenzangu wa mtaani, na kwa sababu hiyo bomani walidhani naweza kumweleza mtu yeyote jambo lolote. Asubuhi moja nikapewa karatasi niipeleke bara, nyuma ya Kilifi, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Karatasi ilisema kwamba hakuna mtu atakayegema mnazi bila cheti cha serikali, na kwamba cheti hutolewa Malindi. Sababu zilielezwa kwa upole. Tembo la mnazi huwafanya watu wa bara wavivu, na mtu mvivu haendi kufanya kazi katika mashamba ya Wazungu kaskazini. Serikali iliwahurumia. Mwishoni palikuwa na sharti: amri itaanza siku itakaposomwa mbele ya wazee, nao wataweka alama za vidole kwamba wameisikia.

Sikuidharau karatasi ile. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtumwa katika shamba karibu na Mambrui, na aliachwa huru kwa karatasi ya ofisi hiyohiyo. Aliikunja akaitia katika kijaluba chake cha tambuu, na mpaka anakufa ilikuwa na madoa ya chokaa. Nilikua nikiamini kuwa karatasi ya serikali ni kitu cha kumfungulia mtu mlango. Haikunipitia akilini kwamba ofisi iliyomwambia bwana shamba kuwa binadamu si mali yake ingeweza, baada ya miaka michache, kumwambia mtu mwingine kuwa mnazi wake nao una mwenyewe.

Nilifikia kwa mkuu wa kijiji, mtu aliyewekwa na serikali na kupewa kofia nyekundu aliyoivua kila alipoona wazee wanakuja. Nyumba ya pili ilikuwa ya mgema. Alikuwa na minazi kumi na mmoja, yote ilipandwa na babu yake, na tembo lake lilisifiwa mpaka Takaungu. Wakati ule alikuwa karibu kuoa. Kilichobaki kilikuwa kadzama, yaani kibuyu kikubwa cha tembo ambacho mchumba hupeleka kwa baba wa msichana, na bila hicho hakuna mke. Baba mwenyewe, mzee mwenye upaa na kikohozi, alikuwa ametaka tembo la minazi ya mkwewe, si la kununua. Siku iliyowekwa ilikuwa ya sita tangu nilipofika. Na tembo haliwekwi akiba. Siku ya tatu limekwisha kuwa siki.

Kwa hiyo mgema alihitaji kuwa huru kupanda minazi yake mpaka siku ya sita, na mimi nilikuwa nimebeba mfukoni karatasi ya kumzuia.

Siku ya kwanza wazee walikaa uani kwa mkuu, wote saba. Nikafungua karatasi. Mzee wao aliyekuwa mkubwa kuliko wote akainua mkono.

"Karani, barua hiyo imekuja na nini?"

"Imekuja na amri, mzee."

"Amri tunaiona. Tembo liko wapi?"

Mkuu akaninong'oneza kwamba huku neno halisikiwi kikavu. Kesi, posa, msiba, hata mtu akitaka kutukana ukoo mzima, kwanza humwagwa tone chini kwa koma, ndio wahenga waliokufa, kisha wazee hunywa, ndipo masikio hufunguka. Amri ya kuzuia tembo haikuwa na namna ya kuingia ila kwa njia ya tembo.

Akaitwa mgema. Akasimama mlangoni na kotama yake kiunoni, kile kisu kipana cha kukatia karara, shina la ua la mnazi linalodondosha tembo.

"Nikigema bila cheti si nitashikwa?" akauliza.

"Amri haijasomwa," nikasema. "Kwa leo unaweza."

"Na ikisomwa?"

"Huwezi."

Akafikiri kidogo. "Basi leo nimechelewa kupanda. Labda kesho."

Wazee wakainuka kwa furaha wakaenda zao.

Siku ya pili alileta kibuyu. Wakamwaga tone, wakanywa, wakashauriana, kisha mzee mkubwa akatangaza kuwa tembo ni bichi mno, tamu kama la watoto, na neno la serikali ni zito, halikai juu ya tembo bichi. Siku ya tatu walilikuta kali mno. Mzee mwenye upaa alikohoa, akasema kibuyu kilikuwa na harufu ya mbuzi. Walimaliza kibuyu chenyewe ili harufu isipotee bure, lakini amri haikusomwa. Sijapata kuona tena wazee wakihudhuria kazi ya serikali kwa bidii namna ile. Mmoja aliyesemekana hawezi kutembea alifika wa kwanza siku zote.

"Na wewe karani hunywi?" akaniuliza yule mkubwa.

"Mimi Muislamu, mzee."

"Ndiyo maana wamekutuma wewe. Walijua mtu mwingine hatarudi."

Nilikuwa nimeshaelewa mchezo, na nikauacha uchezwe. Nilijiambia kuwa natii sharti la karatasi, na ni kweli nililitii. Mgema alipanda minazi yake asubuhi na jioni, mtu huru kwa kibali cha kiu ya watu saba. Zilibaki siku tatu tu. Jioni ya siku ya tatu, mzee mwenye upaa alimpitia njiani, nami nikiwa karibu nikinawa miguu.

"Kesho usijisumbue sana, mwanangu," akamwambia. "Hata ukitia maji, sisi hatutanuna."

Mgema akaingia ndani na kibuyu chake. Na hapo ndipo alipokosea, kosa ambalo mgema wa kweli tu ndiye anayeweza kulifanya. Watu husema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu alikuwa amekashifiwa siku mbili mfululizo mbele ya kijiji, na wanawake kisimani walikuwa wameanza kucheka, wakiuliza kama ni mbuzi ndiye anayemgemea. Aibu ikamshinda akili. Siku ya nne akaja na kibuyu alichokiosha na kukifukiza, na ndani yake tembo la mnazi wake bora.

Mzee mkubwa akamwaga tone chini. Akanywa. Akafumba macho. Tembo bovu au la mashaka mzee anaweza kulisema atakavyo. Lakini hili koma walikuwa wamekwisha kulionja, na hakuna mzee atakayeita zuri baya huku wafu wake wakiwa na ladha midomoni.

"Ni zuri," akasema, kwa sauti ya mtu anayeleta habari ya kifo.

Kibuyu kikazunguka. Mzee mwenye upaa alikunywa sehemu yake na ya jirani yake, akamtazama mkwe wake. "Nilikwambia usijisumbue."

"Mlisema langu linanuka mbuzi," mgema akasema.

Nikasoma. Wakaweka vidole. Kuanzia dakika ile minazi kumi na mmoja ilikuwa inangoja ruhusa.

"Cheti ni Malindi?" mgema akaniuliza.

"Malindi."

"Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Mnazi ukikosa kisu siku nne, karara linafunga."

"Na bwana mkubwa wa boma anayekitoa yuko safarini," nikasema, kwa kuwa sikuona faida ya kumdanganya. "Labda atarudi mwezi ujao."

Mzee mwenye upaa akajifuta mdomo. "Na kadzama yangu ni keshokutwa."

"Umekwisha kuinywa, baba," mgema akasema. "Hilo ndilo tembo la minazi yangu. Hakuna jingine."

"Nimekunywa la baraza. Hilo ni la serikali."

Pakawa na maneno mengi. Mkuu wa kijiji alishikilia kuwa ni la serikali, kwa sababu baraza lilikuwa la serikali na kofia yake ilikuwapo. Wengine wakaongeza kuwa tembo ni la shauri lililoletewa, na shauri lilikuwa amri. Mgema alisimama tu, mkono juu ya kotama, na uso wake ulikuwa wa mtu anayesikia nyumba yake ikigawanywa. Mwishowe mzee mkubwa akanigeukia.

"Karani. Serikali yako ilipanda ule mnazi?"

"La, mzee."

"Ilipanda juu?"

"La."

"Ililinunua tembo hili, au ilituma chochote badala yake? Chumvi? Kipande cha nguo?"

Mkuu alinibana kiwiko. Ningesema ndiyo, ripoti yangu ingependeza, serikali ikionekana yenye ukarimu bara. Lakini niliona vile vidole vya mgema kwenye kotama.

"Haikutoa kitu," nikasema. "Ni lake."

Mzee mwenye upaa akakohoa mpaka machozi yakamtoka. "Basi nimekunywa mahari ya binti yangu bila kujua," akasema. "Ningejua ningekunywa polepole."

Walioana mwisho wa mwezi. Bomani niliulizwa kwa nini kazi ya siku moja ilinichukua siku nne, nikasema wazee walitaka kuisikia vizuri. Nikaandikiwa sifa. Mgema alikwenda Malindi mara tatu, na alipopata cheti makarara yote yalikuwa yamekauka, naye alikuwa amekwisha kuchoka kuomba. Akaiacha minazi ifanye itakavyo, na kwa kuwa haikukatwa ikazaa nazi.

Nilipopita tena, baada ya mwaka na zaidi, alikuwa anazipeleka kwa Mhindi mwenye duka Kilifi, na mkewe alikuwa na mtoto mgongoni. Alinikaribisha maji, akanivuta pembeni. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama bomani kuna mtu yeyote aliyekwisha kutaja nazi.

Nikamwambia bado.