Godeliva Hakufuta Kitu, Nilifuta Mimi

Jamani, nimekosa, na kosa lenyewe nimelificha vya kutosha. Msinionee huruma kabla hamjasikia.

Nilikuwa fundi wa kompyuta katika redio ndogo huku Ngara. Kompyuta kuu iliyotunza vipindi vyetu ilitumia mfumo wa Linux, na paswedi ya msimamizi nilikuwa nayo mimi peke yangu. Nilijiona mtu kweli kweli!

Mwaka jana rekodi zikaanza kupotea. Kila Jumatatu tukifika, mahojiano kadhaa hayapo. Nikasema hapa kuna mkono wa mtu.

Nikapekua kumbukumbu za mfumo kuona nani huingia. Kila Jumatatu saa moja asubuhi, jina ni lilelile: Godeliva (si jina lake halisi), msomaji wetu wa habari. Na mwezi mmoja nyuma aliniomba hiyo paswedi, eti aweke programu ya kusafisha sauti, nikamnyima. Kumbe! Tena mama yake ni Mrundi, na kwenye simu haongei ila Kirundi. Oneni akili yangu ilivyooza!

Nikaanza kumvizia. Nilisoma kila amri aliyoiandika. Sikukuta hata moja ya kufuta. Alikuwa akiorodhesha faili tu, anatafuta zake. Mwingine angesema hana hatia. Mimi nikasema huyu mjanja, anafukia nyayo.

Nikampeleka kwa meneja wetu, mama mmoja mtu mzima. Godeliva akanitazama.

"Kaka, hata sauti ya bibi yangu wa Keza imepotea. Na bibi tumeshamzika. Niifute mimi?"

"Umeifuta ili tusikushuku," nikamjibu. Mungu wangu, ulimi huu!

Meneja akaamuru mkoba wake upekuliwe, itafutwe flashi. Ikatoka kanga, Biblia ndogo na parachichi. Akaachishwa kazi siku hiyohiyo.

Jumatatu ya kwanza baada ya hapo, saa moja asubuhi, nilikuwa mbele ya kioo cha kompyuta. Faili zikatoweka huku naziangalia! Godeliva hayupo! Nikafungua orodha ya amri zinazojiendesha zenyewe. Ilikuwemo moja, niliyoiandika mimi: kila Jumatatu saa moja, futa vya zamani katika folda ya takataka. Baadaye diski ilipojaa, nilihamishia rekodi kwenye folda hiyohiyo, kwa kuwa ilikuwa kwenye diski nyingine yenye nafasi, nikaisahau amri.

Nikafanya nini? Nikaufuta ule mstari, kimya. Meneja nikamwambia nimeziba tundu alilokuwa akipitia Godeliva. Akanisifu mbele ya wenzangu, nami nikapokea!

Miezi minne ikapita hivyo. Mwisho nikamwendea meneja, nikatapika yote. Akanisukumia karatasi. "Andika paswedi. Na funguo uache."

Mimi na meneja tulimfuata Godeliva huko Kabanga, anakouza vitenge.

"Shikamoo, Mama," Godeliva akamsalimu meneja.

"Marahaba, mwanangu. Tumekukosea. Rudi kazini."

"Hapana, Mama. Nitaandikaje neno hapo, nikijua kuna mtu ananisoma mgongoni?"

Mimi hakunitazama. Akarudi kumpimia mteja kitambaa.

Wewe unayeshika funguo za mashine za watu, kabla hujamnyooshea mwenzio kidole, soma kwanza ulichokiandika wewe. Na ukikuta kosa ni lako, sema saa hiyohiyo! Mimi nilikaa kimya miezi minne, na miezi hiyo yote Godeliva aliitwa mwizi sokoni, mama yake akisikia.