A na V Juu ya Bendera ya Mama Athanasie

Mwaka wa 1954 Kanisa liliuweka wote mikononi mwa Bikira Maria, na huku kwetu Masisi kila nyumba ilitafuta namna yake ya kumshukuru. Mama Athanasie, mke wa Straton mkulima, alikuwa na sababu kubwa. Binti yake mdogo Béata alishikwa na surua mpaka akashindwa kufumbua macho. Athanasie akaahidi mbele ya Mungu: mtoto akipona, atamshonea Bikira bendera mpya ya maandamano ya Kupalizwa Mbinguni. Mtoto akapona. Sasa ahadi ilikuwa shingoni mwake.

Kitambaa cheupe cha amerikani alikipata sokoni. Cha buluu, cha kukatia herufi, alikitoa katika kikwembe chake cha siku ya ndoa, wala hakuguna. Katekista Callixte alimchorea herufi kubwa kwenye karatasi: AVE MARIA.

"Kati ya herufi na herufi uache nafasi sawasawa, Mama," alimwambia.

Hapo Athanasie hakuwa na wasiwasi. Alikuwa amepanda maharage tangu utoto, na mistari yake ilisifiwa kilima kizima. Akapima vilevile kama shambani: herufi, vidole viwili, herufi, vidole viwili. Akashona zote. Ijumaa asubuhi, sikukuu ikiwa Jumapili, akaitandaza bendera juu ya ua wa matete, akarudi nyuma aitazame.

Moyo ukamshuka. A ya kwanza ilisimama peke yake, imeachwa na wenzake. R na I zilibanana kama watu wanaojikinga mvua.

Jirani yake Geneviève alikuwa ng'ambo ya bonde, akipalilia. Kunyamaza hakukuwa tabia yake.

"Dada Athanasie! Hiyo A yako iko na nini? Inakimbia V sawa mukwe anakimbia mama-mukwe!"

Kwetu mkwe hamkaribii mama wa mke wake. Akimwona njiani hupita pembeni. Basi wote waliokuwa mashambani wakaangua kicheko. Athanasie naye akacheka, ila machozi yalikuwa karibu.

Callixte akaja na ile regle yake ya mbao ya kupimia. Akapima huku, akapima kule.

"Mama, iko sawa. Vidole viwili kila pahali." Akarudi nyuma, akakunja uso. "Lakini macho inakatala."

"Sasa tuamini nini, Papa Callixte? Regle ao macho?"

"Jumapili watu watakuja na macho, Mama. Hakuna atabeba regle." Akacheka kidogo, kisha akawa mpole. "Lakini Padri alisema bendera ya zamani iko tayari. Kama hii haiishi kesho mangaribi, tutabeba ile. Mungu anajua ulijikaza."

Mungu anajua, ndiyo. Lakini Athanasie alikuwa ameahidi bendera, hakuahidi kujikaza.

Akaketi chini, akazitazama herufi bila kuzisoma. A ina miguu mipana na kichwa chembamba. V ina mabega mapana na mguu mwembamba. Akawakumbuka Béata na dada yake Agathe. Baridi ya Masisi si ya mchezo, nao hulala chini ya blanketi moja, mmoja kichwa huku, mwingine kichwa kule. Mabega ya huyu hukaa penye miguu ya yule, na blanketi linawatosha.

"Yesu wangu," akasema, "hawa ni watoto wa blanketi moja."

Akafumua uzi wote. Akaishika V kwa pini, akaisogeza mpaka bega lake likapita juu ya mguu wa A. Kisha akapaza sauti.

"Geneviève! Angalia sasa!"

"Bado! Ongeza kidogo! Hapo! Simama hapo! Mukwe amesalimia!"

Lakini V iliposogea, E ikabaki nyuma, ikabidi nayo ifuate. Neno la kwanza likawa fupi, na MARIA ikaonekana kukaa mbali mno. Ikavutwa pia. Ile I, isiyo na mikono wala mabega, ikahitaji nafasi kubwa kuliko zote.

"I inakosa pumzi!" Geneviève alipiga kelele. "Uipe pahali, si mutu iko konda ndiyo mumufinye!"

Jembe lake lililala pale siku nzima, magugu yakapona.

Athanasie akashona tena. Matundu ya sindano ya kwanza yalibaki yakionekana kwenye kitambaa cheupe. Jumamosi akakifua polepole kwa sabuni, akakipiga pasi ya makaa kingali na unyevu, na uzi wa amerikani ukajirudi, matundu yakafunga. Moja tu lilikataa, pale V iliposimama mara ya kwanza. Akalidarizia nyota ndogo ya buluu.

Jumapili bendera yake ilitangulia mbele. Yeye alikuwa nyuma, amembeba Béata mgongoni, haoni ila vitambaa vya vichwa vya akina mama. Kisha njia ikapinda kwenye kona ya kilima, sehemu ya mbele ya maandamano ikamgeukia, na ukungu ulikuwa umeinuka.

Akainua macho ili aikague A. Kabla hajaikumbuka, mdomo ulikuwa umekwisha soma AVE MARIA, na sauti yake ikaingia katika wimbo pamoja na za wengine. Béata mgongoni alikuwa anapiga makofi, nje ya mapigo kabisa.