Wanja wa Bibi Mize

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa dukani, nyumbani kwetu Mkunazini hakuna mtoto mchanga aliyetolewa nje na uso mtupu. Atiwe wanja kwanza. Machoni, kwenye nyusi, na doa kubwa kwenye kipaji cha uso, limewekwa upande makusudi, ili mwenye jicho baya akitazama alione doa, asimwone mtoto. Ungemkuta mtoto wa kwetu wakati huo ungesema kapakwa masizi ya sufuria, na ndivyo ilivyotakiwa. Uzuri wa mtoto ulikuwa hatari. Bibi yangu mzaa mama, Bibi Mize, aliijua hatari hiyo kuliko mtu yeyote mtaani, kwa sababu kabla ya mdogo wangu Nassor, mama alikuwa ameshazika watoto wawili wa kiume.

Hao wawili siwakumbuki vizuri. Ninachokumbuka ni kwamba Nassor alipozaliwa hapakupigwa kigelegele. Bibi aliwakataza wanawake. Alimpokea mtoto, akamfunika kanga kuukuu iliyochanika pembe, akasema kwa sauti ya kusikika mpaka ngazini, "Kitoto chenyewe kibaya kama komba." Kisha akageukia ukutani akalia. Tangu siku ile kazi yake ilikuwa moja tu hapa duniani: huyu asiende.

Wanja aliusaga mwenyewe. Jiwe lake aliletewa na jamaa aliyekwenda kuhiji. Lilikuwa jeusi, linameta pale lilipovunjika, na zito kuliko umbo lake. Nilipopewa nilishike, mkono wangu ulishuka. Baada ya sala ya alasiri Bibi alikuwa akitandika mkeka karibu na dirisha, anatwanga polepole katika kinu kidogo cha shaba huku midomo yake inasoma, halafu anachekecha kwa kitambaa cha melimeli mpaka unga unakuwa laini kama poda. Mikono yake ilinukia karafuu na asmini. Mpaka leo nikipita mahali nikaisikia harufu hiyo, husimama, hata kama nina haraka.

Nassor alipoanza kutambaa akawa mshirika wake. Alikaa juu ya pindo la gauni lake, akatia kidole katika unga, akakipeleka mdomoni.

"Mtazameni mume wangu," Bibi alicheka, kwani bibi zetu huwaita wajukuu wao wa kiume waume. "Mdomo mweusi kama mwizi wa jungu!"

"Bibi, anaula."

"Mwache. Dawa haimdhuru mtu."

Hata kitovu chake kilipokuwa kibichi alikipaka wanja ule ule. Hakufanya siri, na hakuna aliyeona ajabu. Nyumba zote zilifanya hivyo, zilitofautiana mkono tu, na mkono wa Bibi ulikuwa mzito kwa sababu ya makaburi mawili.

Chini yetu aliishi Bi Kidawa, mjane mwenye maneno mengi na roho nzuri. Siku moja alitukuta ngazini, mimi, Bibi na Nassor, naye ameshika kikapu chake.

"Mtoto huyu kama halua," alisema. "Mtu atamla."

"Sema mashaallah, Bi Kidawa."

"Nshasema moyoni."

"Moyoni mwako nani anaingia? Sema kwa mdomo."

"Mashaallah! Haya, umeridhika? Na mimi mwenyewe nna mtoto wa jicho, samaki simwoni mpaka nimnuse. Ntamtia jicho nani?"

Bibi alicheka mpaka akakaa kwenye kidato. Lakini Bi Kidawa alipokwisha kushuka, alikilowesha kijiti cha wanja akamwongeza Nassor doa la pili.

Hata hivyo Nassor hakustawi. Midomo yake ilikuwa myeupe, tumbo likimuuma, choo kikifunga, usiku halali, mchana analia bila sababu. Watoto wa umri wake walikuwa wanaita mama na baba, yeye ananyoosha kidole na kuguna. Kila dalili ilisomwa kwa maana moja: kuna mtu amemtazama. Na kila mara tiba ilikuwa moja.

Kisha mdogo wake Bibi akaugua huko Uroa, Bibi akaenda kumuuguza. Alikwenda na kinu chake na chupa yake ya wanja, kwani huko nako kulikuwa na watoto wachanga. Mama hakuwa na subira ya kijiti. Alikuwa na nyumba ya kuangalia, mume na watoto. Akamwacha Nassor vivi hivi. Bibi alikaa Uroa msimu mzima wa kaskazi, Ramadhani ikaingia ikatoka, Idi ikapita.

Msimu ule ndio ninaoutamani kuliko wakati wowote wa maisha yangu. Nassor alianza kula. Rangi ilirudi midomoni mwake. Alilala usiku, na asubuhi akaamka na hamu ya dunia, akitaka kujua kila mlango unafunguka vipi. Akajifunza kupanda ngazi, huku anahesabu kwa namba zake mwenyewe zisizofuatana. Siku moja nilikuwa roshani nikasikia sauti chini, safi kabisa, "Dada!" Nikaitika "Naam!" kabla sijatambua ni nani aliyeita. Tulicheza mchezo huo mpaka Mama akatukemea. Aliita, nikaitika, akaita tena.

Kila mtu alikuwa na sababu yake ya afya ile. Mama alisema ni mchuzi wa papa. Baba, ambaye alikuwa na duka dogo la nguo na hakuwa mtu wa maneno, alisema ni dua. Bi Kidawa alisema mtoto kapata hewa tu, maana Bibi hayupo kumfukiza udi kama nguo za arusi. Hakuna aliyeutaja wanja. Wanja ulikuwa ngao, na nani atasema kwamba mtu amepona kwa kuvuliwa ngao?

Bibi aliporudi, Nassor alimkimbilia mlangoni akimwita jina lake. Nilidhani Bibi atafurahi. Alikunjua buibui lake akamfunika uso.

"Nani mwengine kamwona hivi?"

"Watu wote, mama," Mama alijibu. "Kwani afungiwe kabatini?"

"Uso mtupu? Na wawili wako makaburini?"

Baada ya sala ya maghrib Nassor alilazwa mapajani pa Bibi, mimi nikamshika miguu, akapakwa usoni na hata kwenye nyayo. Alicheka kwa sababu nyayo zilimtekenya.

Haukupita muda mrefu midomo ikawa myeupe tena. Maneno aliyokuwa ameyapata yakapungua, kama mtu anayerudisha vitu alivyoazima. Halafu ndege akaja. Sisi tunamwita babewatoto, yule bundi ambaye wazee walisema akipita juu ya paa lenye mtoto, mtoto hukakamaa. Alitua mchana kweupe juu ya ukuta wa jirani, ametutazama. Vijana walimfukuza kwa mawe. Bibi aliingia ndani akafunga madirisha yote, joto lile.

Kesho yake alasiri Nassor alishikwa na degedege. Macho yaligeuka, meno yakafunga, mwili ukawa mgumu kama ubao. Mama alipiga kelele akiliita jina lake. Bibi alichukua chupa akampaka uso mzima, paji, mashavu, kidevu, huku anasoma kwa sauti. Baba alitoka dukani mbio, akamchukua vile vile, akakimbia naye vichochoroni mpaka hospitali, na watu walimpisha kwa kuuona uso ule mweusi.

Walimtibu homa, degedege likaacha. Siku iliyofuata walimrudisha nyumbani, mnyonge, hai. Bibi alisujudu palepale mlangoni. "Huyu hakwenda," alisema. "Alhamdulillahi, huyu hakwenda." Na nyumba nzima, mimi pia, tuliushukuru wanja.

Kweli hakwenda. Aliishi. Lakini yule aliyehesabu ngazi hakurudi kamili. Chuoni kwa mwalimu wa Kurani, herufi alizofundishwa asubuhi zilimtoka kabla ya adhuhuri. Skuli walimvumilia kisha wakatuomba tumpumzishe. Hasira zilimjia ghafla na kumwacha akilia kwa haya. Watu walisema ndege yule aliondoka na kitu. Alipokuwa mtu mzima alifagia msikiti na kuhakikisha birika za udhu zina maji, na nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja kwamba hawajaona sakafu iliyofagiwa kwa mapenzi kama ile. Bibi alikufa ameushika mkono wake, na alikufa ameridhika. Baada ya wazazi wetu nao kutangulia, Nassor aliishi kwangu. Kila jioni aliita kutoka chini, "Dada, nshafika!" na mimi nikaitika. Mwaka jana, kabla ya Ramadhani, aliugua kidogo tu, Mwenyezi Mungu akamchukua. Ngazi zimenyamaza tangu hapo.

Binti yangu Rahma alijifungua mtoto wa kike baada ya msiba huo, tukamwita Salma. Mimi ndiye niliyemtia wanja, kutoka chupa ya Bibi niliyoirithi. Tulipompeleka kliniki kwa sindano, muuguzi kijana alimtazama usoni, akaacha alichokuwa anafanya.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Wanja huu mmeupata wapi?"

"Wa nyumbani. Umesagwa na bibi yangu."

"Mfuteni, bibi. Wanja mwingi wa namna hii una risasi."

"Ya bunduki?"

"Madini yenyewe. Ile ya chubwi, wanayofunga wavuvi kwenye mshipi uzame. Wako siujui, mpaka upimwe. Kuna wanja hauna na kuna wanja umejaa, na kwa macho hutambui."

Nikalikumbuka lile jiwe na mkono wangu ulivyoshuka.

"Lakini ni kidogo," nilisema. "Ncha ya kijiti."

"Kidogo kwako wewe. Yeye mwili wake wote ndio huu, na ubongo wake ndiyo kwanza unajengwa. Anajifuta jicho, analamba mkono, kesho tena. Hataanguka leo, bibi. Damu itapungua, tumbo litamuuma, atakuwa mzito wa kusema, kusoma kutamshinda. Na nyinyi mtasema ndivyo alivyoumbwa."

Rahma alianza kumfuta mtoto kwa mate na kanga. Muuguzi alimzuia, akaleta pamba na maji. Alisema atatuandikia damu ya Salma ikapimwe. Mimi nilikaa kwenye benchi. Nilimwambia nina mdogo wangu. Kisha nikajisahihisha: nilikuwa na mdogo wangu. Nikamweleza habari za Nassor, za ule msimu Bibi alipokuwa Uroa na za ndege, na nikamuuliza kama ulikuwa wanja.

Alinisikiliza mpaka mwisho, na watu wakisubiri. "Siwezi kukwambia, bibi," alisema. "Huenda ilikuwa malaria. Huenda vyote viwili. Hakupimwa."

Namshukuru kwa kutonidanganya. Nimeishi na jibu hilo tangu siku ile na halijawa jepesi. Najua wanja umetajwa kwa kheri katika dini yetu; lakini dini haikusema kila jiwe jeusi linalosagwa ni wanja ule. Bibi hakuwa na wa kumwambia hivyo. Alikuwa na makaburi mawili na jiwe, akafanya alichoweza kwa nguvu zake zote, na huenda nguvu zile zile ndizo zilizomuumiza Nassor. Nimejaribu kumkasirikia. Ninafika kwenye mikono yake, kwenye harufu ya karafuu, nashindwa. Katika sijda nawataja wote wawili kwa pumzi moja, Mize na Nassor, nikimwachia Mola kuwatenganisha kama kuna cha kutenganisha. Ninachokitaka mimi hakipo tena duniani. Ni mtoto wa kaskazi ile, aliyekuwa anatujia, tukamrudisha.

Majibu ya damu ya Salma yalikuwa bado hayajatoka tulipokwenda arusi ya jamaa zetu Uroa. Chupa nilikuwa nimeshaipeleka kliniki, sikutaka kuitupa mahali watoto wanapochezea. Salma amenawiri, ana mashavu, anamcheka kila mtu. Ukumbini wanawake walitusogelea.

"Zuhura! Mjukuu wako uso mtupu?" aliuliza mzee mmoja, binti wa yule mdogo wake Bibi. "Wanja umekwisha mjini?"

"Nimeacha, bi mkubwa."

"Umeacha! Wewe, mjukuu wa Mize?"

Wakacheka, lakini macho yao hayakucheka. Walikuwa wanaogopa kwa niaba yangu. Na mimi niliogopa. Kliniki walinifundisha mengi, lakini hofu ya mtu aliyezika haifundishiki. Bila kufikiri niliivuta kanga nikamfunika Salma uso. Chini yake akaanza kurusha miguu na kulalamika kwa joto.

Nikasoma nilichokuwa nacho cha kusoma, nikampulizia. Kisha nikaitoa kanga, nikamgeuza upande wao.

"Mtazameni," nikasema.