Jogoo wa Mwimbaji wa Kike

Enzi zetu, msichana wa Kituntu alikuwa anafuga kuku, anamlisha kuku, ananyonyoa kuku, anampika kuku, halafu anakula maharage. Wenzangu mliozaliwa Karagwe miaka ile mnajua sitanii. Kuku alikuwa wa wanaume. Sisi tuliambiwa mwanamke akila kuku anaota ndevu, na firigisi ndiyo usiitaje kabisa, ile ilikuwa ya baba mwenye mji. Na senene, wale panzi wa kuliwa, vilevile: tunawakamata sisi, tunawanyonyoa mabawa sisi, wanatafuna wao.

Nasema haya kwa sababu vijana wa sasa wakisikia mashindano ya waimbaji wanadhani yalianza na televisheni. Yetu yalianza na kuku. Na mimi nilikuwepo, tena jukwaani, napiga debe tupu la mafuta, ndiyo ngoma yetu. Shule iliniacha darasa la tano pale hesabu za sehemu zilipoingia, kwa hiyo mkiona nimeruka mwaka mahali, msinilaumu, laumuni sehemu.

Mambo yalianza vile vita vya mpakani vimeshakwisha, sabuni bado ni ya kutafuta kwa tochi. Gozbert, kaka yake rafiki yangu Koku, alikuwa anapeleka maharage upande wa Murongo, akarudi na kaseti moja isiyo na jalada. Tukaitia kwenye redio, betri tukiwa tumezianika juani tangu asubuhi zipate nguvu. Lahaula. Wanawake wanapiga kelele, magitaa yanakwaruza, ngoma kama mtu anabomoa nyumba. Gozbert akasema huo muziki unaitwa roki. Mama yake, Mama Gozbert, akauliza hao dada wameibiwa nini.

Lakini Koku aliisikiliza kaseti mpaka ikaisha. Halafu akaniambia sauti ile tunayo. Na kweli tulikuwa nayo. Tangu tunaota meno tulikuwa tunafukuza ngedere kwenye mahindi. Ukisimama kwenye shamba la baba yake Koku ukamwita mtu ng'ambo ya bonde, anaitika, na ngedere wote wa katikati wanahama. Roki kwetu haikuhitaji mwalimu.

Gozbert akachonga gitaa la ubao, nyuzi zikawa waya za breki za baiskeli. Ndani akafunga kwa mpira kipaza sauti alichokinyofoa kwenye redio ya kaseti mbovu. Ukiliunganisha na spika ya kijiji, ile ya mdomo mpana inayotumia betri ya gari, gitaa lilikuwa linapiga yowe lenyewe kabla hujaligusa. Fundi wa kweli angeona ni ubovu. Sisi tuliona ndiyo roki yenyewe imeingia.

Sasa, kila kahawa ikishauzwa, kijiji kilikuwa na sherehe uwanja wa mpira, na vikundi vya magitaa vinashindana. Wanakuja wa Igurwa, wanakuja wa Kanoni. Zawadi ni jogoo. Mwaka wetu wa kwanza tuliimba, watu wakapiga makofi mpaka vumbi likatimka, jogoo akapewa kikundi cha wanaume wa Igurwa ambao mpigaji wao mmoja alikuwa amelala. Koku akaenda kwenye mkutano wa kijiji, akasimama na sketi yake ya shule, akaomba waimbaji wa kike wa magitaa wawe na zawadi yao.

Wazee walicheka, wakaguna, mwisho wakakubali. Kamati ikakaa kikao kizima, ikamaliza kibuyu cha pombe ya rubisi, ikapitisha: mwimbaji wa kike atakayeshinda apewe jogoo. Hakuna hata mmoja pale aliyekumbuka kwamba mshindi haruhusiwi kumla.

Mwaka uliofuata Koku akashinda. Sitaki kujisifu, ila debe langu nililipiga vibaya kwa moyo wote. Koku aliimba Kinyambo, wimbo wake mwenyewe wa mtoto anayelima kahawa asiyojua inanywewa wapi, na alipofika penye kupaza, bibi mmoja aliyekuwa anatafuna akamwani alizitema buni zote. Wasichana wa Kanoni walioimba kabla yetu walikuwa wa kwanza kusimama kupiga makofi.

Mwenyekiti akanyanyua jogoo, mwekundu, miguu imefungwa kwa kamba ya mgomba. Akaita, "Baba Gozbert, njoo upokee zawadi ya binti yako."

Na baba yake akaja. Akapokea. Akamtia kwapani. Watu wakapiga makofi, maana wote waliona ni sawa. Hata mimi nilipiga, mkono wenyewe ulizoea. Koku alikuwa bado ameshika kipaza sauti.

"Shikamoo, baba," akasema, na spika ikaisambaza mpaka bondeni.

"Marahaba."

"Huyo jogoo umemwimbia wimbo gani?"

Jamani! Binti hamsemi baba yake hadharani, achilia mbali kwenye spika ya kijiji. Baba Gozbert hakuwa mtu mkali, alikuwa mpole mwenye aibu, na aibu ikamfanya aseme kile alichofundishwa: kwamba mwanamke akila kuku anaota ndevu.

"Nitanyoa," Koku akasema.

Baba yake akageuka, akaondoka na jogoo. Tukamfuata nyuma kama msiba. Nilimwambia Koku aombe msamaha kabla fimbo haijakatwa. Akaniambia fimbo ikatwe tu, ila kuku yule ni wake.

Fimbo haikukatwa. Kuku ndiye aliyekatwa. Koku akapewa kunyonyoa, akanyonyoa. Mama Gozbert akampika na ndizi, moshi ukatanda, harufu ikatutesa sisi tuliozoea kuisikia tu kwa pua. Baba Gozbert akakaa kwenye kigoda chake, akanawa mikono. Koku akaja akakaa palepale mbele yake, naye akanawa.

Mama Gozbert alikuwa mwanamke wa maneno machache. Nilikuwa sijui kama ana maoni. Akatandaza majani ya mgomba, akapakua. Ndizi kwa mume wake, ndizi kwa Gozbert, ndizi kwetu sisi. Halafu akaitafuta firigisi kwenye chungu, akaiweka kwenye jani la Koku.

"Mama Gozbert," mzee akasema taratibu, "hiyo ni yangu."

"Waitu, imba kwanza," mama akamjibu kwa heshima zote.

Mzee alimtazama mke wake. Nilidhani nyumba itaanguka. Kisha akashusha macho, akachukua bawa. Koku akala firigisi, akaimaliza, akalamba vidole. Mimi nikapewa shingo, nikaitafuna na mifupa. Ndevu hazikuota. Sawa, nina nywele mbili hapa kidevuni, lakini hizo zimekuja nikiwa na miaka arobaini, na nazing'oa mwenyewe.

Mwaka uliofuata mwenyekiti hakuita baba wa mtu. Alimkabidhi jogoo msichana wa Kanoni mkononi mwake, na ikawa desturi: kuku anachinjwa palepale uwanjani, firigisi inachomwa, mshindi anaila watu wanaona. Wazee wengine walikuwa wanageukia pembeni. Wageukie. Miaka ya tisini alishinda binti wa wakimbizi, ameimba Kinyarwanda chake chote na hatukushika neno. Tukampa. Hata nyimbo za kwenye kaseti hatukuwahi kuzielewa.

Mashindano yalikufa bila matanga. Likaja jenereta, likaja disko, watu wakaona kucheza ni rahisi kuliko kuimba. Waimbaji wa sasa nawasikia, sauti imenyooshwa na kompyuta kama shati la harusini. Wanapewa kikombe cha kung'aa ambacho huwezi kukila. Nikiwaambia tulikuwa tunapiga roki Kituntu, wananitazama hili gauni, wanacheka.

Krismasi iliyopita mjukuu wangu wa kike aliletewa kuku. Akachagua paja, akaisukuma firigisi pembeni kwa uma, akasema ni ngumu, haipendi. Hakuna aliyeshtuka. Hajui hata kama kuna kitu cha kujua, na moyo wangu ukafurahi na kuuma kwa pamoja, maana ndicho tulichopigania, asijue. Lakini sisi tuliila kwa raha ambayo huyu mtoto hataionja maisha yake yote.

Babu yake, mume wangu, alikuwa ameshanyoosha mkono. Nikaivuta ile sahani kwangu, nikaila firigisi yote, polepole, nikimwangalia.