Siku Mume Wangu Aliporudi Kundini

Usharikani kwetu Goba, mtu akizini na mambo yakajulikana, anazuiwa meza ya Bwana, hapewi mkate wala divai. Siku akitubu anaitwa mbele ya watu wote, mchungaji anamwombea, ndipo anarudishwa kundini. Nilikuwaga naona ya wenzangu, najisemea moyoni, masikini, aibu gani hii. Kumbe zamu yangu ilikuwa njiani.

Mume wangu alikuwa na mwanamke Gongo la Mboto, na mtoto juu. Nilipojua sikupiga kelele. Nilikaa jikoni nikakata mchicha mpaka ukawa uji. Yeye akahamia huko, wazee wa kanisa wakamfungia meza, mie nikabaki na binti yetu na pete yangu kidoleni.

Kina mama wenzangu walinisihi niivue. Weee! Mie ndiye nilikuwa nawafundisha mabinti mafundisho ya ndoa pale kanisani. Nilikuwa nawaambia ninyi wawili mtakuwa mwili mmoja, na naamini hivyo hadi leo. Sasa mwili mmoja nusu yake ikila wali Gongo la Mboto, hiyo inaitwaje? Lakini kwamba mwenzangu kavunja haina maana na mie nivunje. Nilimpenda, jamani. Nilikuwa namsubiri.

Binti yetu akachumbiwa. Mchungaji akatuambia wazi kwamba baba aliyefungiwa meza hawezi kumfikisha bibi harusi madhabahuni, labda aletwe na baba yake mdogo. Binti alilia siku nzima. Akampigia baba yake simu.

Haikupita wiki, huyo hapo mlangoni na begi lake.

"Mama, nimekosa," akasema. "Nimerudi."

"Umekula?" nikamuuliza. Hilo ndilo neno lililonitoka.

Nilitaka kumpangia nguo zake kabatini, akaniambia acha tu, nitapanga mwenyewe. Nikaona anaona haya.

Jumapili ile alisimama mbele na suti niliyoipiga pasi mwenyewe. Mchungaji akamuuliza kama amemwacha yule mwanamke. "Nimemwacha." Mchungaji akanigeukia mie, je, nimemsamehe? Nikajibu ndiyo, kwa sauti hadi nyuma wakasikia. Vigelegele vikapigwa, wanaume wazima wakafuta machozi. Tukapiga magoti pamoja mezani, bega kwa bega. Hata siku ya harusi yangu sikuwa na furaha kama ile.

Akalala chumbani kwetu. Asubuhi namchemshia chai ya tangawizi, namsikia anakoroma, namshukuru Mungu kwa kukoroma kule.

Harusi ikafika. Alimshika binti mkono, wakatembea taratibu mpaka madhabahuni, kapendeza huyo! Nililia kuliko bibi harusi.

Kesho yake vijana wanafungua maturubai uani, nikaingia chumbani. Kasimama, begi begani. Lile lile. Hakuwahi kulifungua zaidi ya kuchomoa shati.

"Binti kaolewa vizuri," akasema. "Asante, mama."

Asante! Kama nimemwazima viti vya shughuli.

"Na pale mbele ya madhabahu, baba?"

Akatazama chini. "Mtoto asingeletwa na mtu mwingine na mie niko hai."

"Na mie je?"

Akanipita mlangoni. Nikasikia geti.

Mchungaji alikuwa hajajua bado kwamba kaondoka tena. Wiki ile ile akaniomba nirudi kwenye mafundisho ya ndoa, eti mabinti wamwone mama ambaye ndoa yake imepona. Ningemwambia nini? Nikaenda. Nikawaambia yale yale, mwili mmoja, mpaka kifo. Binti mmoja wa mbele, mpole, akanyoosha mkono.

"Shikamoo mama. Mwenzio akiondoka kabisa, wewe unabaki umefungwa na ndoa?"

"Ndiyo, mwanangu," nikasema.

Nilitaka kuongeza neno la kumtia moyo. Nikalitafuta, sikulipata. Nikakaa kwenye kiti cha mwalimu nikalia mbele yao wote, kwa sauti, na hakuna aliyeniuliza swali jingine.