Ubao wa Kizito

Mpaka uzeeni Kizito hakushika kitu cha duara bila kwanza kufuta viganja vyake kifuani, mara mbili, kisha kukipuliza kitu chenyewe. Sahani ya ugali, kifuniko cha sufuria, gurudumu la baiskeli ya jirani, vyote vilipulizwa. Wajukuu walimcheka. Marie-Jeanne, mkewe, hakucheka, kwa sababu alikuwepo siku tabia hiyo ilipoanza.

Ulikuwa mwaka wa nne wa uhuru, na yeye alikuwa na miaka kumi na tisa. Alihudumu katika baa ya mama yake mdogo, Pudentienne, pale Kalundu, hatua chache kutoka bandarini. Baa ilikuwa imepoa. Kule mjini palifunguliwa baa nyingine yenye orkestra na magitaa ya umeme, na wateja wote wakahamia huko. Ijumaa asubuhi Pudentienne alimwambia waziwazi:

"Kesho kama batu habakuji, minye nafunga. Fono ya kupiga santuri nitamupa padri. Weye unarudia Makobola kulima mihogo."

"Mama mudogo, ningojee hata mwezi moja."

"Mwezi? Tutakula nini, viti?"

Marie-Jeanne hakuwa na ugomvi na mihogo. Lakini Makobola hakukuwa na meli, wala hakukuwa na yule mchukuzi mrefu wa bandarini aliyepita kila adhuhuri kuomba maji ya kunywa, ingawa ziwa zima lilikuwa mbele yake.

Adhuhuri hiyo mchukuzi huyo, Kizito, alifika na kitu kikubwa kama sinia, kimefungwa kwa karatasi ya mfuko wa sukari. Baharia mmoja wa Kigoma, ambaye Kizito alikuwa amemdakia sanduku lisitumbukie majini, alimpa santuri kwa shukrani. Ilikuwa santuri ya kwanza ya vijana tisa wa kisiwa cha mbali, na muziki wao waliuita ska. Baharia alisema vijana hao hawakujua kama wangepata nafasi ya kurekodi ya pili, basi walitia kila walichokuwa nacho ndani ya hiyo moja.

Kizito akanyoosha mkono aitoe.

"Weye!" Pudentienne alipiga kelele. "Mikono yote saruji! Pangusa!"

Akafuta kifuani.

"Tena!"

Akafuta tena, kisha akaipuliza santuri kama mtu anayepoza uji.

Jumamosi saa tisa alasiri walikuja watu kumi na mmoja, wengi wao wachukuzi, pamoja na makarani wawili wenye tai na Geneviève, mshonaji wa jirani. Pudentienne aliiweka santuri kwa mwendo wa santuri ndogo alizozizoea, na spika ikatoa sauti za kuku wanaogombana. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Alipopunguza mwendo, kumbe hata kwa mwendo wake wa haki muziki ule bado ulikuwa na haraka! Tarumbeta zilitoka kama mbuzi waliofunguliwa zizini, ngoma zikiwafukuza, na gitaa likigonga pale ambapo hakuna aliyelitegemea.

Makarani walijaribu kuteleza kwa rumba yao. Kila walipoweka mguu, gitaa lilikuwa limekwisha kupita.

"Njo muziki gani hii?" mmoja alilalamika. "Inanikimbia!"

"Isikukimbie namna gani, na miguu ya bata?" Geneviève alimjibu.

Wote wawili walichukua kofia zao wakashika njia ya mjini. Marie-Jeanne aliwatazama wakienda, na moyoni akaona jembe.

Kizito alikuwa amesimama kando, kichwa kimeinama upande, goti moja likipanda na kushuka. Ghafla alijipiga paja. "Iko ubao!" akasema, akatoka mbio na wenzake wawili.

Walirudi wamebeba ubao wa kushushia mizigo kutoka melini. Wakaulaza juu ya makasha mawili ya bia, moja kila upande, katikati ukibaki hewani. Ubao wa namna hiyo hukuzamisha chini kidogo unapoukanyaga, kisha hukusukuma juu. Mchukuzi huuacha upande juu kwanza, ndipo avute hatua. Anayewahi hunywa maji ya ziwa pamoja na mfuko wake. Na gitaa la wale vijana liligonga palepale ubao unapopanda.

Wachukuzi wakapita juu yake mmoja mmoja, mabega matupu, wakirukaruka kama waliotuliwa mizigo ya maisha yote. Geneviève akafuata. Pudentienne naye akapanda, viatu mkononi, akipiga vigelegele. Watu wa bandarini waliosikia waliacha samaki wao wakaja. Makarani walirudi na tai zao, na wakafundishwa. Santuri iligeuzwa na kugeuzwa, mpaka betri zikachoka na waimbaji wakasinzia.

Marie-Jeanne alianguka mara tatu.

"Weye unakanyaga mbele ya ubao kupanda!" Kizito alimpigia kelele, akimwinua. "Haraka ya kwenda wapi? Makobola?"

Marie-Jeanne hakwenda Makobola. Waasi walipoteremka kutoka milimani mwezi uliofuata na baa ikafungwa, yeye na Kizito walivuka pamoja kwa mtumbwi kwenda Burundi, na huko wakaoana. Kizito aliacha sufuria akabeba santuri chini ya shati. Sufuria ile mkewe hakumsamehe kamwe. Santuri ilijikunja kwa jua la safari, na waliporudi Kalundu ikatundikwa ukutani.

Ilikuwa bado ipo ukutani siku Marie-Jeanne alipomletea uji wake wa mwisho. Kizito alifuta viganja, mara mbili, akapuliza bakuli, na hakula. Aliona mkewe analia.

"Usinitangulie mbali," Marie-Jeanne alisema. "Na minye niko nakuja. Niko nakuja sasa hivi."

Kizito akatabasamu upande mmoja, kama siku ile alipomwinua sakafuni.

"Kila siku weye unakanyaga mbele. Acha ubao upande kwanza."