Kiti cha Mama Mkwe Garini

Haya nimeyaona kwa macho yangu, sikusimuliwa. Masika haya, kituo cha mafuta kule Msamvu, mwalimu mmoja alikuwa anapakia kwenye gari lake dogo jembe, kamba na magunia matupu. Anapanda milimani, juu ya Mlali, kumchukua mama mkwe wake, ambaye mchana ule alitakiwa hospitali ya mjini kutolewa mtoto wa jicho. Mwisho akapakia kiti cha plastiki.

"Mwalimu, unaenda kukwama au harusini?" akauliza muuza mafuta.

"Jembe ni la tope. Kiti ni cha mkwe."

Sikuelewa, nikaomba lifti. Wakati wa kurudi gari likazama hadi tumboni. Mwalimu akachimba, akatandika magunia chini ya matairi, lakini wapi. Mama, mwenye mwili wake, ametulia nyuma, na saa inakimbia. Sasa mtu atamwambiaje mkwewe kwamba ni mzito?

Mwalimu akakiweka kiti majanini, akakifuta kwa leso, akarudi ameinamisha macho. "Mama, karibu upunge upepo kidogo."

"Ahsante, baba." Akashuka taratibu kama mgeni rasmi.

Nikasukuma kwa bega moja, gari likatoka, na daktari tukamwahi. Wengi wetu tunaandaa gari tu, abiria tunamsahau.

Yote ni kweli, ila bega nimelitunga. Gari lilitoka mimi niliposhuka, na mimi sikukaribishwa kupunga upepo. Mwalimu alisema tu, "Na wewe mzito, toka."